Tetemeko la Kihindi katika Gereji ya La Rochelle

Tuanze na siri ambayo wateja wangu wote waliijua: Kihindi sikijui. Nimetafsiri filamu za Kihindi tangu nikiwa msichana Tanga mpaka nilipozima maiki hapa Johannesburg mwaka 2019, na hadi leo Mhindi akinisalimia njiani nababaika. Ninachokijua ni filamu. Najua mama akishika kifua kuna barua inasomwa, adui akivua miwani kuna mtu atakufa, na ndugu wawili wakiimba pamoja utotoni basi watapotezana kabla ya robo saa kwisha. Ukiyajua hayo maneno yatakuja yenyewe. Nyinyi vijana mnaotafsiri siku hizi kwa simu, mmejilaza kitandani, mmeniganda niwaandikie jinsi sisi tulivyofanya kazi. Haya, nimeandika. Sasa mniache nipumzike.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani. Kwa miaka mingi alikuwa akichana tiketi kwenye sinema pale Tanga, mpaka sinema ikageuzwa ghala la mbao, naye akafungua banda lake la video. Alikaa ubavuni mwa televisheni na maiki aliyoivisha soksi ili isichukue pumzi zake. Mimi niliuza vitumbua mlangoni. Siku moja sauti ilimkauka katikati ya filamu, akaniashiria nikae. Nikamsemea stelingi, yaani shujaa wa filamu, jitu la kifua kipana na masharubu, kwa sauti yangu ya kike, na banda zima likaangua kicheko. Nami nilipoona wananicheka nikawatukana kupitia mdomo wa adui, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kesho yake Mzee akaniambia niache vitumbua.

Alinifundisha kutafuna karafuu kabla ya kazi, kutokunywa kitu cha baridi, na kuitazama filamu mara mbili kimyakimya kabla ya kufungua mdomo. Ila kanuni aliyoishikilia kama dini ilikuwa moja: ongeza utakavyo, chekesha utakavyo, lakini usipingane na macho ya mtu. Kama stelingi amemwacha nduguye, usiseme amembeba. Watu wakikukamata unapingana na macho yao, hata siku ukisema kweli hawatakuamini. Niliishika kanuni hiyo, na mwaka mmoja karibu initoe roho, nitafika huko.

Mwaka 2015 nilimfuata binti yangu Johannesburg. Anaishi mtaa wa Turffontein na mumewe na watoto wawili ambao nikiwaambia jambo kwa Kiswahili wananielewa vizuri sana, kisha wananijibu kwa Kiingereza. Wiki tatu nilikaa nikitazama ukuta. Ya nne nikasikia Wakongo wawili kwenye spaza, kiduka cha mtaani, wakizozana kuhusu filamu ya Kihindi, kwa Kiswahili, nikawafuata kama paka aliyesikia harufu ya dagaa. Ndipo nikamjua Papa Léon, fundi cherehani wa Lubumbashi, aliyegeuza gereji ya nyumba aliyopanga mtaa wa La Rochelle kuwa banda la video. Mtafsiri wake alikuwa amehamia Cape Town bila kuaga. Nikamwambia mimi ni mtafsiri. Akanitazama kuanzia kanga hadi kandambili, akasema, "Mama, weye?" Nikamjibu kwa sauti ya adui. Akanipa maiki.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu siku yangu ya kwanza. Filamu ilikuwa na tetemeko la ardhi. Nyote mnayajua matetemeko ya filamu za Kihindi: familia inakata keki, taa kubwa ya darini inaanza kubembea, picha ya baba inaanguka ukutani na kioo kinapasuka, kisha sakafu inafunguka mstari mnyoofu, mtoto huku na mtoto kule. Sisi wa pwani tetemeko hatulijui. Kwetu Tanga sehemu hiyo ilikuwa ya kupumulia, unaweka utani. Basi nikaweka. Nikasema, "Jamani subirini, ardhi imekula maharage jana." Tanga wangeanguka kwenye mabenchi. La Rochelle, kimya. Kimya hasa, hadi nikasikia feni ikizunguka. Mwanamke mmoja benchi la pili akainuka, akakaza kitenge chake, akatoka. Wengine watatu wakamfuata.

Mwisho wa filamu Papa Léon alinisogezea kiti. "Mama Zuhura," akasema taratibu, "batu ya hapa wengi ni ya Bukavu na Goma. Bo banajua tetemeko. Haiko kintu ya kuchekea." Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na nimekosea kama mwanagenzi.

Yule mwanamke aliyetoka kwanza aliitwa Mama Neema. Alikuwa msusi, saluni yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anamsuka mtu, hakuacha kusuka. "Si neno, Mama Zuhura. Unasemaka vizuri. Ni ile tu." Nikamwomba anieleze basi tetemeko likoje, maana kama nitalitafsiri nilijue. Akanieleza, yeye na mteja wake, wakipokezana. Kwanza ni sauti, kama lori la kokoto linapanda mlima na lori halipo. Kisha mbwa. Ardhi haifunguki mstari. Inakataa tu kusimama, na kitu kinachoua ni nyumba yako mwenyewe. Halafu vumbi, na ndani ya vumbi watu wanaitana majina. Halafu wiki nzima watu wanaishi nje na nyumba zao zipo, maana hakuna anayeziamini tena.

Tangu hapo tetemeko likifika nililitafsiri kwa adabu. Na Mama Neema akawa mteja wangu, ila wa namna yake. Alisimama nje ya mlango wa gereji mpaka tetemeko lipite, ndipo akaingia. Alichokuja kukitazama ni mwisho, pale ndugu waliopotezana wanapojuana baada ya miaka ishirini kwa sababu ya wimbo au kovu la mkononi. Alilia kila mara, akajipangusa, akarudi kusuka. Nilidhani ni mpenda filamu tu, kama sisi wengine.

Mwaka 2016 Papa Léon alinunua spika. Spika kubwa, ya mtumba, iliyowahi kufanya kazi kanisani, na kuzisikia sifa zake wiki nzima kulitosha kumtia mtu wazimu. Jumamosi mchana banda lilijaa. Tukafika kwenye tetemeko la filamu, spika ikanguruma, na mara mabenchi yakaanza kucheza. Kalenda ikaanguka ukutani. Soda zikagongana kwenye kreti. Watu wakasimama, wakapiga makofi! "Papa Léon! Spika hiyo! Eish!" Papa Léon mwenyewe akainua mikono kama aliyefunga goli. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisema kwenye maiki, "Tetemeko limeletwa kwenu na Papa Léon."

Mtu mmoja tu ndani ya gereji hakupiga makofi. Alikuwa Mkenya, Daktari Wanjiru, mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa amefuata gauni lake kwa Papa Léon, akaamua kukaa atazame kidogo. Alikuwa chini ya meza ya bisi, magoti kidevuni, mikono kichwani. Ilipotulia alitoka na bisi kwenye nywele, akasema kwa hasira, "Nyinyi watu, hiyo si spika! Hilo ni tetemeko!" Kumbe kazi yake chuoni ni hiyo, kuyapima. Akatueleza kwamba chini ya kusini hii yote ya jiji kuna mashimo ya zamani ya dhahabu, na mwamba ukijipanga upya huko chini, huku juu tunatikisika. Kwa kawaida ni madogo. "Lakini likija kubwa mtakufa mkipiga makofi," akasema. Papa Léon aliumia zaidi kwa ajili ya spika.

Nikakumbuka Mama Neema yuko nje. Kama kawaida yake alikuwa amesimama mlangoni akingoja tetemeko la uongo lipite, na la kweli likamkuta palepale. Nilimkuta katikati ya barabara, peku, gari linampigia honi naye hasikii. Nilimshika mkono nikamkalisha ukingoni. Daktari Wanjiru akaja akakaa upande wa pili. Hapo ndipo Mama Neema alipotuambia.

Siku ya tetemeko la Bukavu walikuwa wawili nyumbani, yeye na mdogo wake Riziki, wa miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa sebuleni, Riziki chumba cha nyuma. Ilipoanza, yeye alikimbia. Alijikuta barabarani, peku, hajui alivyofika. Kisha akakumbuka Riziki, akarudi. Chumba cha nyuma kilikuwa chini. Akachimba, akaita, mpaka majirani wakamwondoa. Hawakuona mwili. Miaka ikapita, vita vikaja, mama yao akafa, yeye akaja huku. Siku moja mfanyabiashara wa Uvira akaja kusuka saluni kwake, na kwa kupiga soga tu akasimulia kuhusu msichana mmoja wa Bukavu aliyewahi kulelewa na jirani yake. Aliruka dirishani siku ya tetemeko, akachukuliwa na watu waliokuwa wakiukimbia mji. Akiulizwa kuhusu nduguze, alikuwa na jibu moja: "Yaya alinikimbia." Yaya kwao ni dada mkubwa. Aliitwa Riziki. Alikwisha kuhama Uvira, na hakuna aliyejua kaenda wapi.

"Aliona mgongo yangu tu," Mama Neema akasema. "Hakuona nikirudia."

Daktari Wanjiru akamwambia, "Dada, mimi nasomea haya mambo, na nilijificha chini ya meza kabla sijajua nimejificha. Miguu haiulizi mtu." Mama Neema akaitikia kwa kichwa. Nadhani maneno yalimsaidia kidogo, lakini hayakuwa yale aliyoyahitaji.

Baada ya hapo nilianza desturi ambayo naomba muichukue. Kila filamu yenye tetemeko, nilitia maneno ya Daktari Wanjiru: ingia chini ya meza, kinga kichwa, kaa mbali na vioo, usikimbilie ngazi. Stelingi anapigana, nami natoa somo la usalama. Watu walinung'unika, wakazoea, mwishowe watu wazima walikuwa wakiyaitikia kama sala.

Mwaka 2017 kazi ilikuwa ya sidii zaidi kuliko banda. Nilitafsiri mara moja, Papa Léon akarekodi, akatoa kopi, zikauzwa hapa na Bellevue, na wafanyabiashara wakazibeba hadi Lubumbashi. Huko wezi wa kazi walizikopi na kuziuza kama zao. Niliwalaani sana, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Tulipata filamu ambayo kaka mkubwa anakimbia nyumba ikianguka na kumwacha mdogo wake ndani. Anaonekana wazi kabisa, anatoka, hageuki. Mama Neema akasikia habari zake. Akaja nikiwa peke yangu gerejini na karafuu mdomoni.

"Mama Zuhura, hii ya sasa, sema alirudia."

"Hakurudi, mama. Watu watamwona."

"Sema tu."

Nikamweleza kanuni ya Mzee Shabani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akawaka. "We mwanamke wa pwani! Kila siku unadanganya batu hapa, stelingi anasema mambo hata Mungu hajui, na langu moja tu linakushinda?" Akaondoka akibamiza mlango. Nilikasirika, nikasema peke yangu maneno yasiyoandikika. Kisha nikakaa chini, maana alikuwa na haki ya kusema vile. Lakini na Mzee Shabani pia alikuwa na haki. Nilijua anachotumaini: sidii zetu zinafika Kongo, na huenda moja ikamfikia Riziki. Nikimtia uongo yule kaka mbele ya macho ya Riziki, Riziki ataona uongo. Atasema, hata filamuni wanamsingizia kurudi.

Siku mbili niliizungusha filamu hiyo mbele na nyuma. Ya tatu nikaliona jibu. Baada ya nyumba kuanguka kuna vumbi. Skrini nzima vumbi, na fidla inalia, karibu dakika nzima, hakuna mtu anayesema kitu. Sisi watafsiri hapo tunapaita pengo. Mnajua tunachofanya kwenye pengo: tunasalimia wateja, tunatangaza duka la mchele, tunawapongeza maharusi. Ni mahali pa mtafsiri, si pa filamu. Pale macho hayana kitu cha kubishania.

Nilivuka barabara. Nikamwambia, "Njoo useme mwenyewe." Alikuja, akavishwa vipokea sauti, akaishika maiki kwa mikono miwili, na sauti ikakataa kutoka. Tulijaribu mara nne. Papa Léon alikuwa anatazama dari, machozi yanamshuka, anajidai anatengeneza waya. Mwishowe Mama Neema akaniambia, "Sema wewe, mama. Mimi siwezi."

Nilitema karafuu. Miaka yote ile nimesema kwa sauti ya stelingi, ya adui, ya mama mkwe, ya punda. Sikuwa nimewahi kutumia yangu. Nikasema: "Hii si filamu. Namtafuta Riziki wa Bukavu, aliyeruka dirishani siku ya tetemeko. Dada yako yuko Johannesburg, La Rochelle, anasuka nywele. Anataka ujue neno moja. Alikimbia, ni kweli. Lakini alirudi. Alikukosa, lakini alirudi." Kisha namba ya simu ya banda. Fidla ikaisha, nikamrudia stelingi.

Halafu tukangoja. Na nawaambieni, mwaka huo niligeuka. Mimi niliyewalaani wezi wa kazi, niliwaombea dua waibe zaidi. Ya Rabi, wape wezi mashine nzuri, wakopi mpaka mikono iwaume, wafike hadi kusiko na barabara. Papa Léon alisema nimerukwa na akili. Lakini naye alimpa mfanyabiashara wa Lubumbashi mzigo mzima bure, kisha akasema ni kosa la kuhesabu.

Mwaka 2018 simu zilikuja. Mwanamke wa Lubumbashi alipiga kusema amelia, basi. Bwana mmoja wa Kigoma alipiga kwa hasira: sidii yake imekwaruzika, anataka kujua kama ndugu walipatana mwishoni. Nikamsimulia filamu nzima kwenye simu, na sauti zake zote. Wengine walitafuta ndugu zao wenyewe, wakiomba na wao tuwatie kwenye pengo. Tuliwatia. Kufikia mwisho wa mwaka hakukuwa na pengo katika filamu zangu lisilo na jina la mtu. Wanne walipatikana, na hao ni wale tu waliokumbuka kutuambia. Kila mara Mama Neema alikuja kupongeza, akacheka kwa dhati, akarudi saluni. Hakuniuliza kitu. Ningependa angeuliza.

Mwaka 2019 banda lilikuwa linakufa. Watu wana simu, nani atakaa kwenye benchi? Niliamua kufunga kazi, na Papa Léon akarudi kwenye cherehani zake. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa naviringisha nyaya, simu ya banda ikalia. Mwanamke, kelele za soko nyuma yake. Alisema yuko Kalemie. Ameona filamu kwa jirani, kopi mbaya, picha inaruka-ruka, watu hawana hata nyuso.

"Lakini sauti ilisikika," akasema. "Mama, ile maneno ni ya kweli ao ni ya filamu?"

Nikamuuliza jina. Akalitaja.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nilijua tu kuna breki imepiga kelele na mtu amenitukana kwa Kizulu. Mama Neema alikuwa na mteja, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima. Nikaiweka simu mezani, katikati ya vitana, nikafungua sauti.

"Sema," nikamwambia.

Alifungua mdomo, na sauti ikamkataa kama siku ile ya maiki. Mteja akageuka kutuangalia. Safari hii nilifunga mdomo wangu. Haikuwa kazi yangu.

"Yaya?" simu ikasema. "Yaya, sikujuaka kama ulirudia."

Mama Neema akaishika ile meza.

"Nilirudia," akasema. "Riziki, nilichimba na sahani. Ile ya bati, ya mama. Nilichimba mpaka ikapindana."